Tusiisifu Dawa Kabla ya Kumpima Mgonjwa

Ijumaa moja muhula uliopita, chama cha mdahalo cha shule yetu kilikutana ukumbini kujadili hoja iliyonigusa kuliko walivyojua wanafunzi walioichagua. Hoja yenyewe ilisema kuwa kuwagawa wagonjwa kwa kura ili kuijaribu dawa mpya ni ukatili. Aliyeitetea ni msichana wa Kidato cha Nne, mdogo wa umbo lakini mzito wa maneno. Alisimama, akawasalimu waamuzi na walinda saa kama ilivyo ada, kisha akauliza: “Iwapo daktari anaamini kwamba dawa mpya ni nzuri, kwa nini awanyime nusu ya wagonjwa? Na iwapo haamini, kwa nini awape nusu ya pili? Je, mgonjwa ni shilingi ya kurushwa hewani?”

Ukumbi ulirindima kwa makofi. Wapinzani wake walibabaika, wakasoma karatasi zao kwa sauti za chini, wakaketi. Nami, mlezi wa chama, nilitarajiwa kuufunga mjadala kwa neno la busara. Neno halikuja. Niliwaambia kuwa nitawajibu siku nyingine. Siku hiyo ndiyo leo, na makala haya ndiyo jibu langu kwake, kwa wenzake, na kwa walimu wenzangu ambao huulizwa maswali ya aina hiyo kila kukicha.

Kimya changu hakikutokana na ukosefu wa maarifa. Kilitokana na deni. Swali la msichana yule lilinikumbusha swali jingine, fupi zaidi, ambalo niliulizwa mwaka 2016 nikalicheka.

Mwaka huo mwalimu mwenzetu wa Hisabati alianza kukohoa. Alikuwa mama wa watoto watatu, mcheshi darasani na mkali wa kusahihisha, na hakuwahi kuvuta sigara maishani mwake. Zahanati ilimpa dawa za kikohozi. Kikohozi kilipokataa kutoka, alianzishiwa dawa za kifua kikuu, ingawa makohozi yake hayakuonyesha viini vya ugonjwa huo. Miezi ilipita, nguo zikampwaya. Alipofika hospitali kubwa, alipigwa picha, akakatwa kinyama kidogo pafuni, na maabara ikathibitisha kwamba ni saratani ya mapafu. Ilikuwa imekwisha kuenea hadi kwenye ini na mifupa.

Madaktari walimwanzishia kemotherapi, dawa za kemikali zinazoingizwa mwilini kwa dripu. Hawakumdanganya. Walimweleza kuwa saratani iliyofikia hatua hiyo haiponi kwa dripu, ila tiba ile ingeweza kuupunguza uvimbe, kumrahisishia pumzi na kumwongezea muda.

Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya harambee. Katika pitapita zangu nilisoma gazetini habari za kidonge kinachomezwa mara moja kwa siku, kisichong'oa nywele wala kumlaza mtu kitandani, na ambacho, kwa mujibu wa habari ile, kiliwafaa hasa wanawake wasiovuta sigara. Nilikikata kipande kile cha gazeti, nikampelekea mwenzangu nyumbani. Alikisoma mara mbili, kalamu nyekundu mkononi kana kwamba anasahihisha daftari la mwanafunzi. Kisha akaniuliza: “Mwalimu, wangapi kati ya wangapi? Na hao walikuwa kina nani?”

Nilicheka. Nilimwambia kuwa ule haukuwa wakati wa hesabu, ulikuwa wakati wa imani.

Daktari wake alishauri kwamba kile kinyama kipimwe jeni kwanza, kabla ya kidonge chochote. Kipimo kilipaswa kupelekwa nje ya nchi. Kingechukua wiki kadhaa na kula sehemu kubwa ya mchango. Katika kamati nilisimama nikasema, tena kwa fasaha, kuwa mgonjwa hali karatasi za maabara, anakula dawa. Kamati ikanisikiliza. Jamaa mmoja aliyekuwa akisafiri kwenda India akatumwa vidonge, na kinyama kikapelekwa kupimwa baadaye, kwa pesa zilizosalia. Mwenzetu akaacha dripu, akaanza kumeza vidonge.

Kabla sijaeleza yaliyomfika, hebu tutazame tiba hizi mbili zinavyotofautiana, kwa maana bila hilo swali lake haliwezi kujibika.

Saratani ni chembe za mwili zilizoasi. Chembe ya kawaida hugawanyika inapoamrishwa na kuacha inapokatazwa. Chembe ya saratani hugawanyika bila kikomo. Kemotherapi huzivamia chembe zinazogawanyika kwa kasi. Kwa bahati mbaya haina macho. Chembe za mizizi ya nywele, za utumbo na za uboho wa mifupa nazo hugawanyika kwa kasi, na ndiyo sababu mgonjwa hunyonyoka nywele, hutapika na kupungukiwa na damu. Hata hivyo, kwa wagonjwa wengi kemotherapi hufanya kazi fulani, kubwa au ndogo, pasipo kujali saratani ilianza kwa kosa lipi.

Dawa ya shabaha huenda njia nyingine. Juu ya chembe nyingi za mwili kuna vipokezi, mithili ya swichi za taa, vinavyopokea ujumbe na kuiamuru chembe ikue. Kimoja wapo huitwa EGFR kwa kifupi. Katika baadhi ya saratani za mapafu, jeni inayounda kipokezi hicho huwa imebadilika, na swichi ikakwama pale pale ilipowashwa. Chembe hupokea amri ya kukua usiku na mchana ingawa hakuna aliyeitoa. Kidonge kiitwacho gefitinibu kiliundwa ili kuizima swichi hiyo. Mahali ambapo swichi iliyokwama ndiyo inayouendesha ugonjwa, kuizima ni kuukata mzizi wake. Mahali ambapo ugonjwa unaendeshwa na kitu kingine, kuizima ni sawa na kufunga mfereji wa jirani ilhali maji yanafurika kwako.

Maelezo hayo yanaonekana mepesi leo, lakini hayakujulikana dawa ilipotoka. Japani iliidhinisha gefitinibu mwaka 2002, na Marekani ikafuata Mei 2003. Madaktari waliona mambo ya kushangaza. Wagonjwa wachache waliokuwa hoi walisimama na kutembea baada ya siku chache, huku wengi wasione nafuu yoyote. Tena huko Japani baadhi walishikwa na uvimbe mkali wa mapafu uliotokana na dawa yenyewe, na wakafa. Hakuna aliyeweza kutabiri nani angefufuka na nani angedhurika.

Mwaka 2004 makundi mawili ya watafiti wa Boston yaligundua siri: wengi wa wale waliopata nafuu kubwa walikuwa na mabadiliko katika jeni ya EGFR. Lakini ugunduzi wa maabara si hukumu. Mwaka 2005 yalitoka matokeo ya jaribio lililowashirikisha wagonjwa 1,692 kutoka nchi 28, waliokuwa wamekwisha kutibiwa kwa njia nyingine. Wengine walipewa gefitinibu, wengine vidonge visivyo na dawa. Kwa jumla, dawa haikurefusha maisha kwa kiasi cha kuridhisha takwimu. Juni mwaka huo huo Marekani iliizuia isitolewe kwa wagonjwa wapya, isipokuwa katika majaribio. Dawa iliyosifiwa miaka miwili kabla ilikuwa karibu kuzikwa.

Je, ilistahili kuzikwa? Hapo ndipo linapoingia jaribio ambalo ningependa kila mwalimu wa Hisabati na wa Biolojia alijue. Linaitwa IPASS. Kati ya mwaka 2006 na 2007, wagonjwa 1,217 wa saratani ya mapafu iliyokomaa walijiunga nalo katika nchi na maeneo ya Asia Mashariki, yakiwemo China, Japani, Hong Kong, Thailand na Indonesia. Aliyeongoza uandishi wa ripoti yake ni Profesa Tony Mok wa Hong Kong. Wagonjwa hawakuokotwa ovyo. Walichaguliwa wale walioonekana kufaa kidonge: watu wa Asia, wasiovuta sigara au waliovuta kidogo wakaacha, wenye aina ya saratani inayoanzia katika chembe za tezi. Wengi wao walikuwa wanawake.

Kisha ikapigwa kura. Wagonjwa 609 waliangukia gefitinibu, kidonge cha miligramu 250 kila siku. Wagonjwa 608 waliangukia kemotherapi ya karboplatini na paklitakseli, dripu ya kila wiki tatu, isiyozidi mizunguko sita. Wote walifuatiliwa kwa picha na vipimo ili ijulikane ni muda gani ungepita kabla ugonjwa haujaanza kuendelea tena.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2009, na mtu anayesoma kwa haraka angeduwaa. Katika kundi la kidonge, nusu ya wagonjwa walikuwa wameshindwa na ugonjwa kufikia miezi 5.7. Katika kundi la dripu, nusu walikuwa wameshindwa kufikia miezi 5.8. Tofauti ni ya siku chache tu! Ila ulipotimia mwaka mmoja, asilimia 24.9 ya waliomeza kidonge walikuwa bado hawajazidiwa, ilhali waliotiwa dripu walikuwa asilimia 6.7 tu. Ukichora grafu ya makundi hayo mawili, mistari yake inapishana. Mwanzoni dripu iko juu. Baada ya miezi sita hivi kidonge kinaipita.

Mwalimu yeyote anayejua grafu atauliza: mistari hupishanaje, iwapo dawa moja ni bora kuliko nyingine? Jibu ni kwamba ndani ya kundi lililoonekana kuwa moja mlikuwa na makundi mawili. Watafiti walifanikiwa kupima jeni za wagonjwa 437. Kati yao, 261 walikuwa na mabadiliko ya EGFR, na 176 hawakuwa nayo. Walipotenganishwa, ukungu ulitoweka.

Miongoni mwa wenye mabadiliko hayo, uvimbe ulipungua vya kutosha kwa asilimia 71.2 ya waliomeza kidonge, ikilinganishwa na asilimia 47.3 ya waliotiwa dripu. Muda wa kati kabla ya ugonjwa kuendelea ulikuwa miezi 9.5 kwa kidonge na miezi 6.3 kwa dripu. Kwa hao, kidonge kilishinda waziwazi.

Miongoni mwa wasio na mabadiliko, mambo yaligeuka chini juu. Walikuwa 91 katika upande wa kidonge. Uvimbe ulipungua kwa mmoja tu. Katika upande wa dripu walikuwa 85, na uvimbe ulipungua kwa asilimia 23.5 yao. Muda wa kati ulikuwa mwezi mmoja na nusu kwa kidonge na miezi mitano na nusu kwa dripu. Kwa hao, kidonge hakikuwa tiba dhaifu tu. Kilikuwa njia ya kupoteza miezi ambayo hawakuwa nayo.

Walimu wenzangu, tunaujua mtego huu. Chukua darasa la wanafunzi 40, ufundishe kwa mbinu mpya, kisha utazame wastani. Ukikuta wastani haukubadilika, unaweza kutangaza kuwa mbinu haina faida wala hasara. Kumbe 20 wamepanda alama 15 na 20 wameshuka alama 15. Wastani haukusema uongo. Ulisema ukweli kuhusu darasa, ukanyamaza kuhusu kila mwanafunzi.

Kuna jambo jingine katika IPASS linalofaa kukaririwa. Wagonjwa wale walichaguliwa kwa sifa za nje: asili yao, uvutaji wao, aina ya saratani yao. Ni sifa zile zile ambazo gazeti langu lilizitaja. Hata hivyo, kati ya waliopimwa, wanne kwa kila kumi hawakuwa na mabadiliko ya jeni. Jicho la daktari bingwa, likisaidiwa na kila dalili ya nje, lilikosea kwa kiasi hicho. Jicho la katibu wa harambee lingefaulu wapi?

Sasa nirudi kwa msichana wa Kidato cha Nne. Alisema kuwa daktari ama anaamini au haamini. Mwanangu, hoja yako ilikuwa kali lakini ilisahau hali ya tatu, nayo ni kutojua. Mwaka 2006 hakuna daktari mwaminifu aliyeweza kuapa kuwa kidonge kingeishinda dripu, wala kuwa kingeshindwa. Walikuwapo walioamini sana, na walikuwapo waliokwisha kukata tamaa. Wote wawili, kama tulivyoona, walikuwa na nusu ya ukweli. Laiti wale wa kwanza wangalisikilizwa, wagonjwa wengi wangaliondolewa dripu iliyokuwa ikiwasaidia. Laiti wale wa pili wangalisikilizwa, dawa yenye faida ingalitupwa jalalani.

Na kwa nini kura, badala ya kumwachia daktari aamue? Kwa sababu daktari naye ni binadamu. Akiachiwa, huenda akawapa dawa mpya walio na nguvu, ili wasije wakafia mikononi mwake, na kuwaachia dhaifu dawa ya zamani. Mwishoni dawa mpya itaonekana imeshinda, kumbe walioshinda ni wagonjwa wenye nguvu. Kura haina huruma, lakini haina upendeleo pia. Huwatawanya vijana kwa wazee, wenye afya kwa wanyonge, katika pande zote mbili, ili tofauti itakayobaki iwe ni ya dawa.

Usidhani kuwa jambo hili ni la Asia na Ulaya pekee. Zamani mgonjwa wa kifua kikuu katika nchi zetu alitibiwa kwa miezi 18. Wengi walichoka njiani, wakaacha dawa, ugonjwa ukarudi. Kuanzia mwaka 1970, wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia waligawanywa kwa kura katika majaribio yaliyoendeshwa kwa ushirikiano wa watafiti wa Afrika Mashariki na wa Uingereza. Wengine walipewa tiba ya kawaida, wengine michanganyiko mipya ya miezi sita. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972, na yalionyesha kuwa miezi sita, kwa mchanganyiko unaofaa, hutosha. Leo mgonjwa wa kifua kikuu wa kawaida, awe Nairobi, London au Manila, hutibiwa kwa muda wa miezi sita kutokana na njia iliyofunguliwa na wazee wetu wale. Majina yao hayamo katika vitabu vya historia tunavyofundishia. Yangestahili kuwamo.

Pamoja na hayo, sitaki msichana yule adhani kuwa nimemshinda. Yako mahali ambapo hoja yake ina nguvu, na ni vyema niyataje. Kura ni halali tu pale ambapo kutojua ni kwa kweli. Jibu likishapatikana, kuendelea kupiga kura ni ukatili kama alivyosema. Pili, mgonjwa lazima aelezwe kwa lugha anayoielewa na akubali kwa hiari, awe na uhuru wa kujitoa bila kuadhibiwa. Msingi huo uliwekwa na madaktari wa dunia katika Azimio la Helsinki la mwaka 1964, baada ya ulimwengu kuona unyama uliofanywa kwa jina la utafiti. Tatu, anayeangukia upande wa dawa ya zamani asisahauliwe jaribio likiisha. Katika IPASS, wengi wa wenye mabadiliko ya jeni walioanza na dripu walipewa baadaye dawa za aina ya kile kidonge. Ndiyo sababu ripoti ya mwisho ya mwaka 2011 ilionyesha kuwa urefu wa maisha yao ulikaribiana: miezi 21.6 kwa walioanza na kidonge, miezi 21.9 kwa walioanza na dripu. Wagonjwa hao walipata zamu zao zote mbili.

Takwimu hizo za mwisho pia zinatukanya tusiishangilie dawa kupita kiasi. Hata kwa wale inaowafaa, gefitinibu haiung'oi ugonjwa. Aghalabu saratani hujifunza njia ya kuikwepa, ikarudi. Watafiti wameunda dawa nyingine za kuufuata ugonjwa katika njia hizo mpya, kama vile osimertinibu, nazo zikapimwa vivyo hivyo, kundi kwa kundi, kura kwa kura. Marekani iliirudisha gefitinibu mwaka 2015, safari hii kwa sharti la wazi: mgonjwa apimwe jeni kwanza. Dawa ile ile, kutoka kampuni ile ile, ilirudi ikiwa na swali lililo sahihi.

Na mwenzetu je? Kwa wiki mbili za kwanza tuliona nafuu, au tulitamani kuiona. Alipata vipele usoni na kuharisha kidogo, tukaambiana kuwa ni ishara ya dawa kufanya kazi. Kufikia wiki ya saba hakuweza kutembea kutoka sebuleni hadi mlangoni bila kupumzika. Picha ilionyesha kuwa uvimbe umekua. Siku chache baadaye majibu ya jeni yakafika: hakuwa na mabadiliko ya EGFR. Alirudishwa kwenye dripu, lakini mwili ulikuwa umechoka kuistahimili. Tulimzika kabla ya muhula wa tatu kwisha.

Sidai kuwa dripu ingalimponya. Ugonjwa ulikuwa umekwisha kutapakaa, na huenda asingalizidi miezi michache. Ninalolijua ni hili: kwa takwimu za jaribio lile, nilimwondoa katika tiba iliyoupunguza uvimbe kwa karibu mmoja kati ya kila wagonjwa wanne walio kama yeye, nikamweka katika tiba iliyompunguzia mmoja kati ya 91. Nilifanya hivyo kwa mapenzi, na kwa pesa za watu waliouza kuku na mahindi ili wachange.

Linaloniuma zaidi ni kwamba swali lake lilikuwa limekwisha kujibiwa. Aliniuliza wangapi kati ya wangapi, na ni kina nani. Jibu lilikuwa limechapishwa miaka saba kabla ya siku ile aliponiuliza. Wagonjwa 1,217 walikuwa wamekubali kupigiwa kura ili jibu hilo lipatikane, na wengi wao walikuwa wamekwisha kufa. Mimi nililipita bila kulitazama, mkononi nikiwa na kipande cha gazeti.

Kwa hiyo jibu langu kwa chama cha mdahalo ni hili. Ukatili haumo katika kura iliyopigwa kwa uaminifu mbele ya watu waliokubali. Ukatili umo katika kulipuuza jibu ambalo wengine walilinunua kwa miili yao.

Tufanyeje basi? Walimu wa Hisabati wasiishie kufundisha asilimia za bei za mashati na faida za maduka. Wawaletee wanafunzi habari za magazetini zinazosifu dawa, wawaulize maswali matatu: wangapi kati ya wangapi, ni kina nani, na ikilinganishwa na nini? Walimu wa Biolojia wawaonyeshe kuwa saratani ya mapafu si ugonjwa mmoja, na kwamba ingawa sigara ndiyo chanzo chake kikubwa, asiyevuta naye huugua. Kikohozi kisichosikia dawa za kifua kikuu, hasa pale ambapo viini havijaonekana, kitafutiwe sababu nyingine mapema.

Wenye mamlaka nao wana wajibu. Kila mwaka saratani ya mapafu huua watu wapatao milioni 1.8 duniani, zaidi ya saratani nyingine yoyote. Haifai kumtaka mgonjwa achague baina ya kununua dawa na kununua kipimo kinachoeleza iwapo dawa hiyo itamfaa. Kipimo ni sehemu ya dawa. Hali kadhalika, Waafrika ni wachache mno katika majaribio ya dawa hizi za shabaha. Tunameza dawa kwa kutegemea takwimu zilizokusanywa kwa miili ya watu wengine. Wazee wetu wa miaka ya 1970 waliingia katika hesabu; sisi tusibaki nje ya daftari.

Na sisi makatibu wa harambee, ambao kila kijiji kina mmoja, tujifunze kunyamaza kidogo. Mapenzi yanachangisha pesa, lakini hayasomi jeni. Siku daktari atakaposema kwamba tusubiri kipimo, tusimwone kuwa ni mtu asiye na haraka na uhai wa jamaa yetu.

Chama cha mdahalo kitakutana tena muhula huu. Nimemwomba msichana yule asimamie upande wa upinzani, aipinge hoja aliyoitetea. Alisita, kisha akaniambia kuwa atakubali iwapo nitampa takwimu. Nimempa zote nilizozitaja hapa, nami nimeziandika kwa kalamu nyekundu.